Wanasema Yuko Sawa

6 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baba hajaikalia njiani. Akishuka kwenye lori mtazame suruali kwa nyuma. Ile ya mwisho uliyompa aniletee ilifika imekunjamana kama uso wa mtu aliyelala mchana.

Sisi huku wazima. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, nyumba imekuwa kijani mpaka jikoni. Juzi nilitembea darasani na uzi umeninasa mgongoni kama mkia, hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza kwa nini wanacheka. Mama bado hajaijua lugha ya huku zaidi ya "asante" na "mkono mrefu au mfupi?" Kwa hiyo tangu tuhamie, mimi ndiye mdomo wake: dukani, kwa mwenye nyumba, kliniki. Wewe uliyenipa jina la Mnong'ono nikiwa na miaka mitano, fikiria mdomo wenyewe ndio huu.

Mdogo wangu ametimiza miezi mitatu. Tunamwita Mheshimiwa, maana ana kitambi, ana kipara, na ukimwita haitikii mpaka umfuate mwenyewe alipo. Analala kwenye kikapu chini ya meza ya cherehani. Cherehani inanguruma juu ya kichwa chake, yeye anakoroma. Wateja wanamsifu: mtoto mtulivu, mtoto mwenye adabu.

Sasa shangazi, mwalimu wetu wa sayansi ametupa kazi ya kuandika juu ya masikio, na kwa kuwa kazi yako ni kupima usikivu wa watoto, nikaona nikuulize. Kwanza, mtoto mchanga anapimwaje wakati hawezi kusema "nimesikia"? Pili, kama alipimwa akaambiwa arudi, halafu asirudi, kile kipimo kinaharibika, kama maziwa, au anaweza kurudi wakati wowote? La pili ndilo mwalimu amelisisitiza.

Ningekupigia simu, lakini simu ni ya mama, na mama husoma kila ujumbe kwa sauti, hata wa kampuni ya simu. Halafu baba anasema wewe simu huipendi. Kwa nini?

Binti wa kaka yako,
Mnong'ono


24 Aprili

Mnong'ono wangu,

Marahaba mara mia. Suruali nimeikagua, haina hatia. Barua ilikuwa ndani ya kofia. Joto la kichwa cha kaka yangu limeyeyusha wino wa neno "adabu", nikabaki nakisia Mheshimiwa ana nini.

Mimi mzima, ila magoti yanalalamika nikipanda ngazi. Chumba changu cha kazi kimewekwa sponji mpya ukutani. Kimya chake sasa ni kizito hata mtu anasikia tumbo lake likinung'unika. Pembeni nina kisanduku cheusi, ndani yake kuna sungura mwenye ngoma. Kwa watoto waliokwisha kuweza kukaa, sauti inatoka upande mmoja, mtoto akigeuka kuitafuta, taa inawaka na sungura anampigia ngoma. Jana bibi mmoja alimpenda sungura kuliko mjukuu wake. Sauti ikitoka tu, bibi huyo, amegeuka. Nikamwomba kwa heshima akasubiri nje. Amenuna mpaka leo.

Mwambie mwalimu wako hivi. Mtoto mchanga tunamwekea kizibo kidogo laini sikioni. Kinatoa milio midogo, na sikio lililo zima hurudisha mwangwi wake, mdogo mno, mashine inaudaka. Mwangwi usiporudi, huenda ni majimaji ya kuzaliwa tu, huenda mtoto alikuwa anajinyonganyonga, na huenda hasikii vizuri. Ndiyo maana anaitwa tena. Si hukumu, ni swali ambalo halijajibiwa.

La pili: kipimo hakiharibiki. Anayechelewa ni mtoto. Maneno yanaingilia masikioni, na ubongo wa mtoto haukai kungoja mlango ufunguliwe. Sisi hupenda tuwe tumejua kabla ya miezi mitatu kuisha, na mtoto awe ameanza kusaidiwa kabla ya miezi sita. Aliyepitisha siku yake arudi leo. Asiogope kufokewa.

Nami niulize, kwa kuwa mimi na mwalimu wako tunapenda masikio: Mheshimiwa alipimwa? Karatasi ilisemaje? Siku akiwa macho na ametulia, simama nyuma yake asikuone. Usipige makofi, hewa itamgusa. Mwite kwa sauti ya kawaida, uangalie macho yake, mikono, na kama ananyonya kidole, uone kama atasita kidogo. Hicho si kipimo cha kweli, usije ukakiamini ukatulia. Lakini niandikie.

Simu hunichosha, basi. Msalimie wifi yangu.

Shangazi


11 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Baba ameleta mkeka mpya na habari kwamba umepungua. Mama akasema, "Wifi yangu hajapungua, kaka yake ndiye anayemwona kwa macho ya njaa."

Nilifanya kama ulivyosema. Nilingoja mama aende kununua vifungo. Nikavaa soksi ili sakafu isitetemeke, nikafunga pazia ili kivuli changu kisimfikie, nikamwegemeza kwa mito kwenye kiti cha wateja akiutazama ukuta. Nikasimama nyuma, hatua mbili. Nikaita "Mheshimiwa". Nikaita tena kwa sauti ya mama. Mara ya tatu nilitaka kugonga kifuniko cha sufuria na kijiko, polepole, lakini kikaniponyoka kikaanguka sakafuni. Paka wa dirishani alitimua mbio. Jirani wa ghorofa ya juu aligonga sakafu yake akauliza nani amekufa. Mimi mwenyewe nilijikojolea kidogo, usimwambie mtu.

Baadaye mama akarudi na vifungo vya kahawia badala ya vyeusi, ikabidi nirudi naye dukani kueleza.

Karatasi ya kliniki ipo, iko mahali salama. Kazi ya mwalimu naendelea nayo.

Wako,
Mnong'ono


25 Mei

Mwanangu,

Hatujambo. Paka nimemsikia, jirani nimemsikia, na suruali yako pia.

Mtoto je? Alifanya nini?

Shangazi


9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Leo nitakosa adabu, sitaanza na habari za nyumbani, maana nikizianza nitajificha humo humo.

Hakufanya chochote. Aliendelea kunyonya kidole chake akiutazama ukuta.

Hakuna mwalimu wa sayansi. Yaani yupo, lakini tunasoma mimea.

Mheshimiwa alipimwa alipozaliwa, mwangwi haukurudi, wakasema arudi akitimiza mwezi. Tulirudi mwezi wa pili. Lilikuwa benchi refu, watu wamebanana na watoto mapajani, na mlango wa chumba cha vipimo umeachwa wazi kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu. Muuguzi mwenye miwani myekundu alimpima mara mbili kila sikio. Halafu akaongea, haraka haraka, akinitazama mimi. Nakuapia nilielewa kila neno. Alisema: masikio yote mawili hayajajibu. Alisema haimaanishi kuwa hasikii kabisa, lakini lazima arudi baada ya wiki tatu kwa kipimo kikubwa, wasiache, tafadhali wasiache. Akanipa karatasi.

Mama alikuwa anamvalisha Mheshimiwa soksi, anatabasamu. Ilikuwa wiki ya kwanza tangu ajifungue kumwona anatabasamu bila kujilazimisha. Akauliza, "Anasemaje?"

Benchi zima likanigeukia. Nikatafuta maneno ya lugha yetu, yakawa mazito, kila moja kama gunia. Masikio. Hayajajibu. Nikaona nikiyatamka mbele ya watu mama atalia, na wote watanitazama mimi niliyemliza. Nikasema, "Wanasema yuko sawa."

Maneno matatu tu, shangazi. Muuguzi akaniuliza, "Umemwambia yote?" Kichwa changu kikaitikia kabla sijakituma.

Nilijiambia nitamweleza tukifika nyumbani. Nyumbani kulikuwa na wateja. Nikasema kesho. Kesho yake mama alikuwa anaimba. Kila siku iliyopita neno liliongezeka uzito, sasa siwezi hata kulinyanyua. Karatasi iko ndani ya atlasi yangu, ukurasa wa majangwa. Mama hasomi lugha ile, lakini hata hivyo.

Nakuomba kitu kimoja. Mwandikie mama wewe. Wewe ni mtaalamu, unajua kuwaambia wazazi, umeshawaambia mamia. Mwambie niliyoyafanya, mimi nitakaa chumbani mpaka aimalize barua. Bahasha nimeigundisha kwa gundi ya mabega ya makoti, baba hawezi kuifungua bila panga.

Mnong'ono


28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii naituma kwa posta ya kawaida, maana posta yetu imevunjika gia. Labda hujui: lori la baba limekwama njiani tangu tarehe kumi na moja, linangoja kipuri, na barua yangu ya tarehe tisa imo ndani ya kofia yake. Kila siku baba anampigia mama, nami namsikia akisema, "Tuko salama, mimi na kofia."

Nilingoja jibu lako wiki mbili na nusu. Nikawa nahesabu: Mheshimiwa ana miezi mitano, wewe ulisema sita. Basi nikajikaza kisabuni.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa anashona, na mteja mmoja amesimama katikati ya chumba amevaa gauni lenye mkono mmoja, pini zimemjaa begani, haruhusiwi kupumua. Nilitaka kungoja aondoke, lakini nikajua nikingoja huyu, atakuja mwingine. Nikasema, "Mama, kuna kitu sikukwambia kliniki."

"Nini? Ongeza sauti, cherehani inakula maneno yako!"

Nikarudia.

"Mwanangu, unanong'ona na nani? Sema!"

Nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele namna hiyo tangu nizaliwe. "Walisema masikio hayajajibu! Walisema arudi! Mimi nilikudanganya!"

Mama akaacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka lenyewe mpaka likasimama. Mteja akashusha mkono taratibu, pini zikamchoma, hakusema hata "aa". Na sote watatu, kama tuliopangwa, tukainama tukatazama chini ya meza. Mheshimiwa alikuwa amelala chali, mikono juu, kama mtu aliyejisalimisha. Hakutikisika hata ukope.

Mama akasema, "Lete karatasi."

Niliileta na atlasi yake. Akaipapasa, akaigeuza, akaniambia niisome. Nikaisoma yote, mpaka nambari ya simu ya chini. Akahesabu kwa vidole. "Miezi minne," akasema. Kisha akamwambia mteja kwa lugha yetu, "Nisamehe dada, mkono wako wa pili utauchukua kesho," na mteja, sijui alielewa vipi, akambusu shavuni akaondoka na pini zake barabarani.

Nilidhani atanipiga. Angenipiga ningefarijika. Alisema tu, "Sijamkasirikia mtoto aliyeshindwa kusema. Nimemkasirikia aliyejua, akanitazama nikimsifia mdogo wake utulivu." Halafu akamtoa Mheshimiwa kikapuni usingizini, akamweka mdomo wake karibu kabisa na sikio lake, akamwambia kitu. Sikukisikia. Hakikuwa changu.

Jumatatu alikwenda kliniki kuomba siku ya kipimo kikubwa. Hakunichukua. Alimchukua muuza mkate wa pale kona awe mkalimani wake.

Mnong'ono


6 Julai

Mnong'ono,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ya posta imefika jana, na leo kaka yangu ameshuka na ile nyingine, kofia imekuwa nyeusi kwa oili. Nimezisoma kwa mpangilio nikiwa nimesimama, chai ikapoa.

Nitakwambia ukweli kwa kuwa umeanza wewe. Karatasi ile ilikuwa haki ya mdogo wako, ukaiweka jangwani. Hilo halifutiki kwa kupendwa. Na ningeipata barua yako mapema, ningempigia mama yako saa ile ile, ingawa simu na mimi ni maadui. Lakini ulilibeba mwenyewe, mbele ya mteja mwenye pini. Mimi ninayefanya kazi hii miaka kumi na tisa sijawahi kutoa majibu katika mazingira hayo.

Sasa kuhusu simu. Sikio langu la kulia halisikii tangu nikiwa mdogo, na la kushoto linasaidiwa na kifaa kinachokaa chini ya kitambaa changu cha kichwa. Sikukificha, ila hujaniona tangu una miaka mitano, na kwenye barua sikio halihitajiki. Ndiyo raha ya barua.

Nilipoanza shule, baba yako alikuwa nyuma yangu, dawati la pili. Mwalimu akiita jina langu, kaka ananichoma mgongoni kwa penseli, nasema "nipo". Nikiulizwa swali, penseli mara moja ni "ndiyo", mara mbili ni "hapana". Tulikwenda hivyo miaka mitatu, watu wakanisifu kuwa mtoto mwenye adabu. Alinipenda, Mnong'ono. Alinipenda mpaka nikafeli. Siku moja akaja mpimaji na sanduku lake, akamwambia kaka akae nje. Mlango ulipofungwa, mgongo wangu ulikaa peke yake kwa mara ya kwanza, na ndipo watu wakajua.

Hajawahi kulizungumza. Nilipomweleza leo jambo lako, alitoka akaenda kukaa ndani ya lori, dirisha limefungwa, na jua lote lile. Alirudi akaniomba kalamu, akaandika kitu, akakifuta, akasema, "Nitamwambia mwenyewe."

Kuhusu kipimo: watamtaka Mheshimiwa awe amelala. Watambandika vibandiko vyenye nyaya kichwani, haviumi, wasome jinsi ubongo wake unavyopokea sauti. Mchosheni kabla, aje na usingizi, anyonyeshwe pale pale. Na wewe nenda, hata kama kazi yako itakuwa kubeba mfuko wa nepi.

Shangazi


2 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, pole na magoti. Mama anakusalimu, anasema kwa nini hukumwambia wifi yako miaka yote hii kuhusu sikio, yeye alikuwa anadhani unajivuna. Nimeambiwa niandike hivyo hivyo.

Nilibeba mfuko wa nepi. Muuza mkate alivaa koti. Shangazi, yule mtu ni mkarimu, ila mpimaji akisema neno moja, yeye anatafsiri robo saa, na ndani yake ameingiza historia ya masikio ya mjomba wake. Mpimaji akitoa maelezo marefu, anageuka kwa mama anasema, "Amekubali."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, ulimi nimeuuma. Mpimaji akasema mtoto anyonyeshwe sasa ashibe ili alale. Muuza mkate akatafsiri kwamba asile kitu chochote mpaka kipimo kiishe. Mama akaanza kufunga vifungo vyake. Mheshimiwa akaanza kukunja uso.

Nikasema, "Sivyo, mama. Amesema mnyonyeshe sasa hivi."

Chumba kikanitazama, na hapakuwa na meza ya kujificha chini yake. Muuza mkate akafikiri, akasema, "Ee, hata hivyo inawezekana," akavua koti. "Huyu mtoto anaijua kazi. Mimi oveni yangu inaniita."

Mama alinisogezea kiti kwa mguu.

Mheshimiwa alilala, nyaya zikatoka kichwani kama bwana mkubwa anayeongea na ulimwengu mzima. Kipimo kilichukua saa moja na nusu. Majibu: anasikia, lakini kidogo. Sauti za karibu na nzito anazipata kwa mbali, maneno ya kawaida yanampita. La kushoto ni baya zaidi. Halitapona lenyewe, ila vifaa vya kusikia vitamsaidia sana, masikio yote mawili. Nilisema kila kitu kama kilivyo, neno kwa neno.

Mama akaniambia, "Muulize. Ile miezi minne imemharibu mwanangu?"

Ilibidi niulize mimi, kwa kinywa changu, kwa lugha yao. Mpimaji alinitazama kidogo, nadhani alijua. Akasema, "Mwambie kwamba tungeanza mapema zaidi ingekuwa bora. Mwambie pia kwamba hatujachelewa sana, na kwamba tunaanza leo."

Nilitafsiri yote mawili. Nilianza na lile la kwanza.

Mama alilia, lakini kilio kifupi, cha mtu mwenye kazi. Kisha wakamjaza Mheshimiwa ute wa waridi masikioni ili wapate umbo lake, wakautoa umeganda kama vikonokono viwili. Aliutazama kana kwamba ameibiwa.

Baba alirudi juzi, barua yako ilikwisha kutangulia kwa posta. Alikuja chumbani kwangu akaweka penseli mezani, akasema, "Shangazi yako kakwambia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilichukua miaka mitatu. Wewe miezi minne. Umenishinda." Akatoka. Penseli ameiacha.

Mnong'ono


17 Agosti

Mwanangu,

Hatujambo, magoti yanakushukuru. Nawaandikia haraka kabla kaka hajawasha injini.

Mheshimiwa atavivuta vifaa, atavitupa, atavila. Ni kazi yake. Vifungieni kamba nguoni, na wifi ashone kofia nyembamba ya kufunga kidevuni, ndiye fundi. Betri ni sumu akizimeza, hakikisheni kifuniko chake kinafungwa kabisa. Vile vizibo vya masikioni mtavibadilisha kila baada ya miezi michache, maana sikio linakua kama mguu. Vifaa vikipiga filimbi, vizibo havijakaa vizuri. Ongeeni naye karibu, akiwaona nyuso. Semeni hata upuuzi. Upuuzi ni chakula cha masikio.

Na kifaa si miwani. Haanzi kuelewa siku ile ile. Msikae mkimkodolea macho kama mnangoja hotuba.

Wewe kaa mbele yake, Mnong'ono. Usoni kabisa.

Shangazi


14 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo naanza na habari za nyumbani kwa sababu habari za nyumbani ndizo zenyewe.

Tulikwenda sote wanne. Tulipofika mlangoni, baba akasimama. "Mimi nitakaa nje," akasema. "Waambieni ni desturi ya ukoo." Akakaa kwenye benchi, magoti pamoja, kofia mapajani, kama mtoto aliyetolewa darasani.

Vifaa ni vidogo, vya kijani, mama alichagua rangi ya sare. Mpimaji akavivisha, kimoja kimoja, akabonyeza kitu kwenye kompyuta, akasema vimewaka, mama amsemeshe mtoto. Shangazi, mama yangu, mwanamke anayezungumza na sindano, anayegombana na mvuke wa pasi, akakosa neno. Akanigeukia mimi.

Nilipiga magoti mbele ya kiti. Sikupaza sauti. Nilisema kwa sauti hii hii yangu, "Mheshimiwa. Ni mimi."

Kidole kikasita mdomoni. Macho yakawa makubwa. Akatazama taa kwanza, nadhani alifikiri ndiyo iliyosema. Halafu akanitazama mdomo, muda mrefu, mpaka mate yakamdondoka. Akacheka? Hapana, alilia, kwa nguvu, halafu akausikia mlio wake mwenyewe akanyamaza kwa mshangao, akalia tena kuhakikisha. Baba akagonga mlango kutoka nje: "Kuna nini? Amesikia? Niingie?"

Tulimsahau pale nje dakika kumi zaidi.

Sasa wiki mbili zimepita. Utulivu wote umekwisha. Cherehani ikianza tu, Mheshimiwa anaamka na kulalamika, mama anashona kwa vipande, mguso mmoja na kusikiliza. Wateja wanauliza yule mtoto mwenye adabu yuko wapi. Kofia ameivua mara kumi na moja, kifaa kimoja tulikipata ndani ya kiatu cha mteja. Mama anakwambia: "Wifi, hukunionya kuhusu viatu." Muuza mkate anapita kila asubuhi kumsomea bei za mikate, anasema ndiyo mafunzo.

Jana niliwapeleka kliniki kwa ukaguzi. Benchi lile lile, kitasa bado kibovu. Muuguzi mwenye miwani myekundu alinitambua. Nilidhani ningekufa. Alisema tu, "Mmerudi," nikasema, "Tumerudi, tulichelewa, lilikuwa kosa langu." Nikamgeukia mama nikamtafsiria hilo pia, ingawa hakuuliza.

Tulipokuwa tunangoja, Mheshimiwa, juu ya paja la mama, alianza kuongea. Si maneno, ni "ba-ba-ba-da-ba", mfululizo, kidole kimenyooshewa watu, kama anayefungua mkutano. Benchi zima likamgeukia. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akaniinamia.

"Anasemaje?"

Nikamtazama Mheshimiwa vizuri, usoni kabisa, kama ulivyonifundisha.

"Sijui, mama," nikasema. "Sijaelewa hata neno moja."

Mama akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Basi," akasema, "kuanzia leo wewe ndiye mkalimani wangu."

Binti wa kaka yako,
Mnong'ono